Mbabula Bila Moshi

Munigi, 2 Septemba 2008

Nimeanza kazi leo. Redio niliyokuwa naifanyia imefungwa, na shirika moja linataka mtu wa kufuatilia majaribio ya jiko jipya tangu mwanzo hadi mwisho. Ripoti yangu itasaidia kuamua kama jiko litatengenezwa kwa wingi au litaachwa.

Karakana iko Munigi, nje kidogo ya Goma, juu ya lava iliyoshuka kutoka volkano mwaka 2002. Mkuu wake ni Papa Hilaire, fundi wa chuma, mtu mpole, mikono yake ina makovu ya kuchomelea. Jiko lenyewe ni mbabula kama zile za kila nyumba ya Goma, bati la duara lenye matundu chini. Tofauti ni mbili: ndani ina ukuta wa udongo uliochomwa, na mlango wa hewa unaobana. Inatumia nusu ya makala, yaani mkaa. Ubavuni wamegonga herufi kwa nyundo: BILA MOSHI.

Hilaire alinieleza sababu bila mapambo. Wanawake wa kambi za wakimbizi wanaingia mbugani kutafuta kuni na makala, na huko kuna watu wenye bunduki. Anayetumia nusu ya makala atafanya nusu ya safari.

"Mie siuzi mbabula, Mama Shakila," alisema. "Mie napunguza safari."

4 Septemba

Siku nzima ya kuchemsha maji. Jiko jipya na la zamani, sufuria moja, makala ya gunia moja. La zamani lilitutoa machozi. Jipya halikutoa kitu.

9 Septemba

Leo mbabula za majaribio zimepelekwa kambini, nusu ya njia kati ya Munigi na Kibati. Vibanda vimesimama juu ya mawe meusi yenye nyufa. Waliomo wengi walikimbia vita upande wa Rutshuru mwaka jana.

Julien, mkuu wa mradi, alikuja na gari, akahutubia kidogo, akatazama saa, akaondoka. Sikumpenda. Ni mtu wa kuuliza lini, haulizi vipi.

Kazi ya kueleza aliachiwa Ernestine, mhamasishaji wetu, mwanamke wa Goma mwenye sauti ya kufika mbali. Aliinua mbabula kichwani ili wote waione.

"Mbabula ya zamani inawafukuza inje kama mama mukwe," alisema. Wanawake walicheka. "Hii hapana. Haina moshi. Hata ndani ya nyumba inapita, inafaa."

Kati ya waliopewa yumo Annonciata, mkulima wa maharage kutoka Kalengera. Mumewe, Nsabimana, alikuwa akichunga ng'ombe za watu. Sasa anabeba mawe ya ujenzi akipata wa kumpa kazi. Wana binti, Vanessa, anayesoma shule ya kambi chini ya turubai, na mtoto wa kiume wa mgongoni, Moïse. Kibanda cha pili kutoka kwao anakaa Florent, mdogo wa Nsabimana, na mkewe. Florent aliuliza kwa nini yeye hakupewa. Aliambiwa haya ni majaribio tu. Alijibu kwamba kaka yake siku zote ndiye wa kujaribiwa na bahati.

13 Septemba

Mvua. Njia ya Kibati imekatika. Sikutoka.

18 Septemba

Nilikaa kwa Annonciata akipika. Anapika haraka na anaongea polepole. Nilimuuliza maswali yote ya Hilaire: makala yametosha, sufuria haiyumbi, moshi upo. Alijibu kila swali kwa uaminifu, hata la sufuria, ambayo kwake inayumba kwa sababu imebonyea chini.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikumuuliza. Mara ya mwisho kuingia mbugani, mwezi wa saba, alirudi bila kuni na bila kitenge. Sikumwomba aeleze zaidi.

"Hii mbabula ikibakia kwetu," alisema, "sitarudia kule. Makala ya kununua kidogo-kidogo itatosha."

Nsabimana alikuwa mlangoni akimnyoa Vanessa nywele kwa wembe. Alisikia. Aliendelea kunyoa.

25 Septemba

Wanawake wamepata sifa yao wenyewe ya jiko. Wanasema inalala na moto. Maana yake: ukibana mlango wa hewa jioni, asubuhi unakuta makaa bado mekundu chini ya jivu, na huhitaji kuomba moto kwa jirani. Hilaire alifurahi sana nilipomletea maneno hayo. Alimwita fundi mmoja ayasikie. Hili hatukuwa tumelipanga katika majaribio, alisema; limetoka kwao. Nimeliandika upande wa mafanikio.

2 Oktoba

Ugomvi wa kwanza. Julien anataka majaribio yafungwe sasa, wafadhili wanasubiri. Hilaire amekataa. Mvua kubwa haijafika, alisema, na baridi ya Kibati haijafika. Huwezi kusema umelijua jiko ambalo halijaona msimu. Julien alimwita fundi anayeogopa chuma chake mwenyewe. Hilaire alimwambia ndiyo, anakiogopa, na ndiyo maana karakana yake haijawahi kurudishiwa kitu.

Niliandika maneno yote mawili. Hilaire ni mtu makini kuliko nilivyodhani.

7 Oktoba

Mvua.

8 Oktoba

Mvua. Milio ya mizinga kaskazini, mbali.

10 Oktoba

Kambi imepewa turubai mpya. Zile za zamani zilikuwa zimepasuka hata unaona mbingu. Watu wameshinda wakizikaza juu ya miti na kupiga tope pembeni chini kote ili upepo na maji visiingie. Nsabimana amefanya kazi nzuri, kibanda chake hakina hata mwanya. Annonciata alinionyesha kwa fahari. Ndani palikuwa na joto, na mbabula ilikuwa katikati, karibu na kitanda cha miti. Kuku wao mmoja amefungwa mguu kwenye nguzo ya mlango.

14 Oktoba

Wanawake kadhaa wenye mbabula zetu wanalalamika kuumwa kichwa asubuhi. Wengine wanatapika. Zahanati inawapa dawa ya malaria, maana mvua hii imeleta mbu. Hilaire aliuliza kama mbabula zinafanya kazi. Zinafanya kazi.

20 Oktoba

Nsabimana na Vanessa wamekufa.

Naandika kwa utaratibu niliousikia na niliouona.

Jana jioni Nsabimana alikuwa na homa na kukohoa. Walisogeza mbabula karibu na kitanda, wakabana mlango wa hewa, wakafunga turubai. Yeye na Vanessa walilala kitandani. Annonciata alilala na mtoto chini, kwenye mkeka karibu na mlango, ili kikohozi kisimwamshe mtoto. Alfajiri alimfunga mtoto mgongoni, akachukua bidoni, akaenda kupanga foleni ya maji. Njiani alitapika na miguu haikumbeba vizuri. Alidhani ni malaria, au mimba. Aliporudi mumewe na binti yake walikuwa wamelala vilevile. Alimwita Vanessa kwa ajili ya shule.

Nilifika wakati majirani wamejaa. Miili ilikuwa haina jeraha. Midomo ya Vanessa ilikuwa myekundu kama ya mtu mwenye afya. Mwanamke mmoja alisema anaonekana kama anapumua. Mbabula ilikuwa bado ya moto. Kuku alikuwa kwenye nguzo yake akidonoa.

Neno lilianza kabla sijauliza: mazuku. Hapa kwetu kila mtu analijua tangu utoto. Ni hewa mbaya inayotoka kwenye nyufa za lava, haionekani, inalala mabondeni, na asubuhi unakuta mbwa au mbuzi amekufa, mara nyingine mtu. Watu walianza kutafuta ufa. Waliupata mmoja nyuma ya kibanda, kwa sababu kwenye lava hukosi ufa.

Hilaire alikuja na Julien kabla ya saa sita. Aliingia peke yake. Alikaa muda mrefu kidogo. Alipotoka alikuwa amebeba mbabula kwa matambara, akaiweka nje kwenye matone ya mvua ikatoa mvuke. Aliwatazama watu, akatazama ule ufa.

"Ni mazuku," alisema. "Poleni sana."

21 Oktoba

Mazishi, kwenye udongo mwembamba upande wa barabara. Walichimba mpaka wakafika mwamba, na hapo ndipo walipoishia. Mchungaji alisema machache kwa sababu ya mvua.

Baada ya kufukia, Florent aliuliza swali mbele ya wote. Alikuwa anamtazama Hilaire, lakini aliyelengwa ni Annonciata.

"Tangu lini mazuku inaruka kuku na kupanda kitanda?"

Kila aliyekuwepo anajua kwamba mazuku inalala chini. Kuku ndiye wa kwanza, kisha mtoto anayetambaa, kisha aliyelala kwenye mkeka. Aliyelala juu ndiye anayepona. Hapa mambo yamegeuka kichwa chini: aliyelala juu amekufa, kuku ni mzima, na aliyelala kwenye mkeka karibu na mlango amesimama kaburini na mtoto mgongoni.

Mke wake, tukirudi, alilisema neno la pili kwa sauti ya kutosha: karuho. Sumu ya kuwekwa kwenye chakula.

23 Oktoba

Florent amemchukua Moïse. Alikuja na wanaume wawili wa ukoo. Walisema mtoto ni wa damu yao na hawawezi kumwacha aendelee kula katika mkono uliomlisha baba yake. Walichukua pia blanketi, sufuria, kuku na mbabula, mali ya marehemu. Annonciata alimshika mtoto kwa nguvu mpaka mtoto mwenyewe akalia kwa maumivu, ndipo akamwachia.

Kamati ya kambi imesema haiingilii mambo ya familia. Hakuna jirani anayekubali maji kutoka kwake. Ernestine amempeleka kwake, mtaani Goma. Wameondoka kwa miguu, Ernestine mbele akiongea na kila mtu njiani, Annonciata nyuma na maziwa yamelowesha blauzi.

24 Oktoba

Nilimuuliza Hilaire karakanani. Nilimuuliza kuhusu kuku, kuhusu kitanda, kuhusu maumivu ya kichwa ya asubuhi. Aliendelea kukunja bati.

Alisema kuku ni kuku. Alisema hajui kila kitu kuhusu mazuku na mimi pia sijui. Alisema tukitamka kwamba ni mbabula, mradi unakufa siku hiyohiyo na wanawake wote wale wanarudi mbugani, na je, nitakwenda mimi kuandika jinsi wanavyorudi?

Nilimwambia yuko mwanamke mmoja anayeitwa mlozi wa sumu kwa sababu ya neno lake.

"Nitamusaidia," alisema. "Nitamutafutia kazi."

Nilimwona mtu makini wiki tatu zilizopita. Bado ni makini. Anajua hasa ni kitu gani hataki kukijua.

27 Oktoba

Watu wanashuka kutoka kaskazini bila kukatika. Kalengera imeshaanguka mikononi mwa waasi, wanasema. Kambi imefurika mpaka barabarani. Waliokosa turubai wanalala chini ya malori.

29 Oktoba

Wanajeshi wa serikali walirudi nyuma mchana. Walipita Munigi kwa miguu, kwa pikipiki, wengine juu ya vifaru, hawatazami pembeni. Nyuma yao kambi nzima. Nilisimama kwenye ukuta wa karakana nikaandika walichobeba: magodoro, mbuzi, wazee mgongoni, milango. Nilihesabu mbabula zetu vichwani mpaka nikaacha. Mwanamke mmoja alikuwa na mbabula kichwani na hakuwa na kitu kingine.

Nilimwona Florent na mkewe. Moïse alikuwa mgongoni kwa mke. Hawakushika njia ya mjini. Walikata kuelekea magharibi, kambi ya Mugunga.

30 Oktoba

Mjini wanajeshi wamepora usiku kucha. Nyumba yetu imepona. Kwa jirani wameua.

5 Novemba

Mapigano yamesimama karibu na Kibati. Karakana imevunjwa mlango lakini mashine zipo. Julien amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka, ndevu hazijanyolewa. Kwa sababu ya wakimbizi wapya, fedha za utengenezaji zimeruhusiwa bila kusubiri majaribio kwisha. Mbabula elfu kumi. Bati limeshaagizwa. Kinachobaki ni ripoti yangu, kurasa chache, na ndani yake sentensi moja kuhusu vifo vya tarehe 20: chanzo, mazuku.

Nilisema sitaiandika. Julien aliniuliza niandike nini basi. Nilisema chanzo hakijulikani. Aliniambia hiyo si sentensi, ni shimo. Alikuwa amechoka, na hakusema kwa hasira.

9 Novemba

Ernestine alikuja karakanani na Annonciata nyuma yake. Mafundi walikuwa wakikata bati la mbabula za kwanza kati ya zile elfu kumi. Ernestine hakusalimia, na hilo peke yake liliwafanya waache kukata.

Alisema amekuwa akikaa na mwanamke huyu nyumbani kwake. Kwamba kila asubuhi Annonciata anamuuliza kitu kilekile: kama si mazuku na si mimi, ni nini? Kwamba yeye Ernestine ndiye aliyesimama kambini akasema hata ndani inapita.

"Papa Hilaire," alisema, "tulijaribu maji. Tulijaribu maharage. Kulala hatujajaribu."

Hilaire aliweka nyundo chini. Nadhani alikuwa akisubiri mtu aseme hivyo tangu siku ile. Alisema basi ijaribiwe hapa, juu ya saruji, ambapo hakuna ufa na hakuna mazuku. Fundi mmoja alipendekeza waweke mbuzi. Hilaire alisema mbuzi hatamshawishi Florent. Aliagiza miti, turubai moja ya kambi, na tope la kuziba chini. Mafundi walijenga kibanda kama cha Nsabimana, na Annonciata ndiye aliyewaonyesha kitanda kilikuwa upande gani na mbabula ilikuwa karibu kiasi gani.

Ilikuwa mchana, mvua nyepesi. Hilaire alivua saa. Alijifunga kamba kiunoni, ncha akampa Ernestine, na akaingia na mbabula iliyowashwa vizuri, makaa mekundu, bila moshi wowote. Tulikubaliana azungumze nasi muda wote, na akinyamaza tumvute.

Mwanzoni alikuwa akitania. Alisema humu ni pazuri kuliko kwake, kuna joto, hakuna anayemuomba kitu. Ernestine alimjibu kwamba na mke wake angefurahi akihamia. Aliuliza kama mafundi wamemaliza kukata bati au wanamsikiliza tu. Kisha aliongea kuhusu hewa: hakuna harufu, alisema, hakuna kitu kabisa. Kisha alisema kichwa kinagonga. Alisema hivyo mara tatu, kila mara kama jambo jipya. Ernestine alitaka kuvuta. Yeye akasema bado, nasikia usingizi tu, ni usingizi mzuri.

Annonciata ndiye aliyeshika kamba.

Wanne walivuta. Turubai lilipasuka na kitanda kikaja pamoja naye. Uso wake ulikuwa umeiva. Alitapika kwenye saruji, miguu ikikataa, mikono ikitafuta kitu cha kushika. Mvua ilimnyeshea muda mrefu kabla hajaweza kukaa.

Aliposema, alisema kwa Annonciata, akimtazama.

"Hapana mazuku. Hapana weye. Ni mie." Akatapika tena. "Moshi njo ulikuwa unabatosha inje. Mie niliutosha moshi, nikabaachia ile ingine." Yaani moshi ndio uliokuwa ukiwatoa watu nje; yeye aliuondoa, akawaachia hewa ya sumu ya makaa, isiyoonekana.

Annonciata alikuwa anatazama kibanda kilichopasuka, na mbabula ndani yake, na nikaona uso wake ukibadilika kabla sijaelewa kwa nini.

"Mbabula yangu iko kwa Florent," alisema. "Na Moïse iko kwa Florent."

10 Novemba

Nilitarajia Julien agombe. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali mawili: Hilaire alikaa muda gani, na tope liliziba kote? Kisha akatoka nje na simu. Aliporudi alisema utengenezaji umesimamishwa na huenda yeye pia. Alitupatia gari lake na dereva, tutafute familia zote zilizokuwa na mbabula. Nilikuwa nimemkosea mtu huyu. Ni vizuri kuandika hivyo kabla sijasahau.

11 Novemba

Mugunga. Maelfu ya vibanda, hakuna majina. Hatujampata Florent. Tumepata mbabula zetu mbili, zote ndani. Ernestine alizitoa kwa mikono yake na kueleza. Mama mmoja alimuuliza kama si yeye aliyesema inapita.

"Ni mie," alijibu. "Leo nasema haipiti."

12 Novemba

Hatujampata. Mvua. Annonciata haketi ndani ya gari; anatembea mbele yake akiuliza watu wa Kalengera.

14 Novemba

Kambini Kibati, ambako wengi wamesharudi, mbabula zimekusanywa. Wanawake watatu waliingia mbugani jana kutafuta kuni. Mmoja amerudi. Hilaire aliniuliza jina la kila mmoja wao na nikampa. Hakusema kwamba alinionya.

15 Novemba

Bado.

16 Novemba

Tumempata. Mwanamke wa Kalengera alimwona Florent akibeba mawe upande wa ziwa, akatuonyesha mstari wa mwisho wa vibanda, pale ambapo hawajafika hata kuchimba vyoo.

Tulikwenda kwa miguu, gari halipiti: Annonciata, Hilaire, Ernestine na mimi. Kibanda kilikuwa kimefungwa, turubai jipya, tope limepigwa chini kote. Asubuhi ya baridi, mvua ya usiku ikidondoka bado. Annonciata aliita jina la mtoto. Hakuna aliyejibu. Aliita tena, safari hii jina la Florent, na hakungoja. Aling'oa turubai kwa pembe moja, tope likaruka, akaingia.

Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho wazi, amefungwa ndani ya blanketi la baba yake. Amekonda. Hakulia. Alimtazama mama yake kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Mke wa Florent alikuwa amelala nyuma yake, na akaamka akipiga kelele za wezi.

Mbabula ilikuwa katikati ya kibanda. Hilaire alimpita kila mtu akaweka kiganja ndani yake. Ilikuwa baridi. Hakukuwa hata na jivu.

Florent alifika akikimbia, mikono imejaa vumbi la mawe, jiwe moja bado mkononi. Alituona sote ndani ya kibanda chake na mtoto mikononi mwa Annonciata. Hilaire alisimama mbele yake kabla hajafanya lolote, akamweleza. Alimweleza yote, kitanda, kuku, saruji, kamba. Alisema, "Kitu ya mikono yangu njo iliua mukubwa wako. Huyu mama hakutia kitu." Alisema kwamba atalirudia hilo mbele ya ukoo, mbele ya mchungaji, popote atakapoitwa.

Florent alisikiliza akitazama mbabula. Kisha akaliweka jiwe chini.

Ernestine alimuuliza ni lini waliiwasha mara ya mwisho.

Hawajawahi kuiwasha, Florent alisema. Tangu wafike. Makala ya Mugunga ni ya watu wenye pesa. Wanakula unga wa msaada uliokorogwa kwa maji, au wanapikiwa na jirani. Kila jioni mkewe anamuuliza lini ataleta makala, mtoto anasikia baridi, na kila jioni yeye anasema kesho. Jana alikuwa amepata kazi ya mawe. Leo jioni wangemlipa.

"Leo ningenunua," alisema.

Mkewe aliketi mlangoni, akajifunika uso kwa kanga.

Annonciata alimfunga Moïse mgongoni. Hakuomba blanketi, mke wa Florent ndiye aliyemwekea juu ya mtoto, bila kumtazama. Florent hakuomba msamaha na Annonciata hakuungoja. Hilaire aliinama kuichukua mbabula, na Florent akaishika upande wa pili. Alisema hawana kingine cha kupikia.

Walibaki wameishika wote wawili. Hilaire alimtazama Annonciata.

"Umuachie," Annonciata alisema. Kisha akamwambia shemeji yake, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ukipata makala, pikia inje. Hata mvua ikinyesha. Na usiku mulale na baridi."

Tukaondoka. Alitangulia, na mpaka tulipofika kwenye gari hakuwa amemruhusu mtu mwingine ambebee mtoto.